Simu kwa Baba Mdogo

Mwaka 2019 Mama Mdogo alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi pale Mulago, katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, na mimi ndiye niliyekaa naye Kampala. Kwetu ni Arua. Ni safari ya kutwa nzima kwa basi, unavuka Nile Karuma, unavuka tena Pakwach, kwa hiyo kwenda nyumbani kila Ijumaa na kurudi Jumapili hakukuwezekana. Tulipata kitanda katika nyumba ya wagonjwa, chumba kimoja na akina mama wa Soroti na Kasese.

Mionzi alipigwa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa muda wa wiki tano. Kulala chini ya mashine ni dakika chache, wala hakuumi. Kinachomchosha mgonjwa ni mengine yote: kuwahi foleni kukiwa bado giza, kubana mkojo kwa sababu kibofu kinatakiwa kiwe kimejaa, kuharisha kunakoanza katikati ya matibabu, na uchovu usioondoka hata ukilala mchana kutwa. Kazi yangu ilikuwa uji, maji ya kunywa, na kuhakikisha ile michoro ya wino tumboni, inayoonyesha mahali pa kupiga mionzi, haifutiki anapooga. Nilimshonea gauni pana la pamba lisilobana kiuno, na sabuni yenye manukato tuliiacha.

Kila asubuhi wagonjwa waliulizana kwanza kama mashine inafanya kazi. Kila mtu alikumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika kabisa. Nyingine haikuzinduliwa rasmi hadi Januari 2018. Katikati hapo wenye uwezo walienda Nairobi, na wasio na uwezo walibaki na maumivu yao.

Wiki ya mwisho ilipofika, wenzake walianza kufunga mizigo kwa furaha. Mama Mdogo akaacha kula. Nilidhani ni dawa. Nesi mmoja, mwenyeji wa Koboko ambaye sote tulimwita Sista, alipita jioni kuwajulia hali, akamtazama mara moja tu, akavua viatu na kuketi naye mkekani.

Ndipo Mama Mdogo akasema. Baba Mdogo alikuwa amempigia simu kumwambia kuwa amemjengea chumba chake nyuma ya jiko, na amemnunulia sahani yake na kikombe chake. Majirani walikuwa wamemweleza kwamba mwanamke aliyechomwa mionzi hurudi na ule moto mwilini, na anayelala karibu naye huupata. Hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kama mtu anayemwandalia mkewe mapokezi.

Sista hakutoa hotuba. Aliomba namba tu.

"Shikamoo mzee. Mimi ni nesi anayemhudumia mama huku Mulago."

"Marahaba, binti. Amefariki?"

Mama Mdogo aliziba mdomo kwa mtandio.

"Hapana, mzee, yupo hapa ananisikia. Nataka nikueleze jinsi ya kumpokea."

Akamweleza taratibu, kwa Kiswahili chetu cha huko nyumbani. Mionzi ya mashine hupita mwilini kama mwanga wa tochi, ukizimwa hakuna kinachobaki. Hata kile kifaa kinachowekwa ndani ya mwili ili kupiga mionzi karibu na saratani yenyewe hutolewa kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Saratani yenyewe haiambukizi. Ale naye sahani moja, wajukuu awapakate.

Kimya kirefu. Kisha Baba Mdogo akauliza, kwa sauti ya chini, "Na mambo ya ndani, binti?"

Nilinyanyuka niondoke. Sista akanishika mkono. "Kaa. Wewe ndiye utakayemkumbusha." Nikaketi, macho yangu mkekani. Akasema kwamba njia ya uke huweza kukakamaa na kuwa nyembamba baada ya mionzi. Kuna vifaa laini vya kuipanua ambavyo mama ataonyeshwa kuvitumia. Hedhi imekatika na joto la ghafla litamsumbua. Wasubiri apone, halafu waanze polepole, kwa mafuta maalumu yanayolainisha, na akisema inauma, waache. Uchovu unaweza kudumu miezi kadhaa, na si uvivu. Matembezi mafupi kila siku humsaidia kuliko kulazwa kitandani. Lakini akitokwa na damu, asingoje tarehe ya kliniki.

Mpaka leo nashikilia kwamba simu ile ilipaswa kupigwa wiki ya kwanza, kwa kila mgonjwa mwenye mume. Tulifundishwa vizuri jinsi ya kuvuka matibabu. Kuishi baada yake tuliachiwa tukisie, na pale Arua chumba kilikuwa kimeshapigwa lipu.

"Sasa hicho chumba nikifanyeje?" Baba Mdogo aliuliza mwishoni.

"Weka mahindi, mzee," Sista alimjibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikamsikia Mama Mdogo akicheka.

Simu haikuwa imepoa bado, mama wa Soroti alipotoa yake kwenye mkoba. Mumewe hakujua Kiswahili, ila kaka yake alijua. Na yule wa Kasese naye akasogea. Nilitumwa dukani kununua salio, na niliporudi Sista alikuwa bado mkekani, akimweleza mwanamume mwingine habari za sahani.

Mama Mdogo alipotakiwa kurudi kliniki miezi mitatu baadaye, sikwenda mimi. Baba Mdogo alipanda naye basi, na mfukoni alikuwa na karatasi ya maswali aliyoniomba nimwandikie. La kwanza lilikuwa kuhusu uchovu.