Siku moja na bibi wa Alabama (na mayai ya Jumapili)

Saa kumi na moja alfajiri alamu inalia na mimi naizima kama kawaida, naamka na kumi na moja na nusu. Nyumbani wanadhani Marekani ni New York tu, mimi niko kijijini kaskazini mwa Alabama, mashamba kila upande na kila kona kanisa la Baptisti. Kazi yangu ya kubeba boksi ni kulea wazee majumbani.

Saa moja kamili naingia zamu. Jina lake sitaji, namuita Bibi tu na kashazoea, ana miaka 96. Kumnyanyua, kumuosha, kubadilisha pampasi, vidonge, presha, hayo mnayajua. Chai anakunywa na biskuti, ambazo ukiziona ni skonzi kabisa, na uji mzito wa mahindi ambao mimi nasema ni ugali uliokata tamaa.

Saa tatu nafua. Leo Jumatatu na kwao Jumatatu ndo siku ya kufua tangu enzi za mama yake, basi mashine ikianza tu kuzunguka na yeye anaanza. Mama yake alikuwa anafulia uani, sufuria kubwa jeusi la chuma juu ya kuni, maji ya kisima ndoo kwa ndoo, nguo za watu tisa, sabuni wanapika wenyewe kwa mafuta ya nguruwe na maji ya majivu. Shamba si lao, wanalima nusu kwa nusu, yaani ardhi na nyumbu wa mwenye shamba, pamba ikivunwa nusu yake, na ile nusu yenu anakata kwanza deni la dukani, kwa hiyo kuna mwaka mnavuna miezi miwili mnatoka na deni jipya. Shule ilifungwa watoto waende kuchuma, na Bibi ananionyesha vidole, anasema lile ganda la pamba likikauka linachana kama wembe.

Magauni yalishonwa kwa mifuko ya unga. Wenye viwanda waliposhtuka kwamba akina mama wanashonea mifuko yao wakaanza kuichapa maua ili wauze zaidi (wafanyabiashara ni wale wale duniani kote), na baba yake akienda dukani anaagizwa alete mifuko ya ua moja, gauni la mtu mzima mfuko mmoja hautoshi. Siku moja kaleta maua tofauti, anasema nyumba haikulalika.

Umeme hawakuwa nao. Katikati ya miaka ya 1930 ni kama shamba moja tu kati ya kumi Marekani lililokuwa na umeme, sheria ya kuwapelekea watu wa vijijini ikaja 1936, kwao taa iliwaka yeye ana miaka kumi na moja na mama yake akazunguka na kibatari mkononi bila kujua akiweke wapi.

Saa sita maharage na mkate wa mahindi. Saa saba analala, mimi nakunja nguo.

Saa nane akiamka huwa yuko vizuri, ndo tunaongea kanisa. Mchungaji alikuja Jumapili moja kwa mwezi maana alikuwa na makanisa manne. Mkutano wa injili ulikuwa Agosti, pamba imeshapaliliwa na bado haijafunguka, watu wana nafasi, wiki nzima kuimba na joto lile, halafu mwisho wanashuka mtoni kubatizwa. Hapo nikamwambia marehemu bibi yangu Tukuyu naye alibatizwa maji mengi, majirani zake Wamoravian wakawa wanamtania kwamba yeye amekwenda kuoga. Akacheka mpaka akakohoa.

Akauliza waliomhubiria walitoka wapi. Nikasema huku huku kwenu, Southern Baptist, yaani Wabaptisti wa kusini mwa Marekani, walifika Tanganyika 1956. Akanyamaza, halafu ndo akaniambia habari ya mayai. Mama yake hakuwa na hela yake hata senti isipokuwa ya mayai, likija lile lori la duka la kutembea anabadilisha kwa chumvi na uzi, lakini mayai yaliyotagwa Jumapili haligusi hata moja, hela yake inaenda kwenye kopo la misheni. Sadaka ya Krismasi ya Lottie Moon, yule dada mmisionari wa Virginia aliyekwenda China akafia melini bandari ya Kobe, Japani, 1912. Akina mama ndo walioianzisha 1888, wengi wao wa vijijini hivi hivi.

Sasa mimi nilisoma kidogo, najua Southern Baptist walijitenga na Wabaptisti wa kaskazini 1845 wakitetea wamisionari wenye watumwa. Nikamuuliza, na weusi mliokuwa mnachuma nao pamba, Jumapili walikaa wapi? Akasema kanisa lao lilikuwa ng'ambo ya barabara, mama alikuwa anasikia nyimbo zao akianika vyombo. Hajawahi kuvuka? Hajawahi. Akaangalia dirishani na mimi nikaenda kumletea maji, maana nilikuwa nimekasirika na sijui nimkasirikie nani, mtu aliyetoa mayai yake yavuke bahari na mwenyewe barabara hakuivuka.

Saa moja jioni natoka. Saa mbili usiku nampigia mama Tukuyu, kule saa kumi alfajiri kashaamka kusali. Shikamoo, marahaba, nikamsimulia yote mpaka kwenye mayai. Kimya. Nikadhani atasema neno la kiroho.

"Hebu muulize, dazeni alikuwa anauza bei gani?"

Kesho saa moja namuuliza.