Ule mlio wa tustroki

Jana nimepita Moshi kwa bamdogo kule Pasua, akanitolea ile pikipiki yake ya zamani ya kwenda nayo shamba, Yamaha AG100 yenye injini ya tustroki (two-stroke), nikapiga kiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ikawaka, jamani ule moshi wa bluu na harufu ya oili inayoungua nimerudi utotoni kabisa!! Bodaboda za siku hizi karibu zote ni fostroki (four-stroke), madogo wengi hata hawajui ule mlio.

Bamdogo ananiambia tustroki krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikizunguka mara moja tu imeshapiga moto, fostroki mpaka izunguke mara mbili, halafu tustroki haina kamshafti wala vavu za kufunguliwa nayo kama fostroki, ndo maana ni nyepesi na pawa inakuja ghafla. Kweli tupu, ndo maana zilitawala mbio za pikipiki miaka na miaka.

Kinachoniuma mpaka leo ni 2002, MotoGP, zile mbio kubwa za pikipiki za dunia, wakaruhusu fostroki za cc 990 zikimbizane na tustroki za cc 500, karibu mara mbili ya ukubwa, sasa hapo ungetegemea nini? Mbio zote 16 fostroki zikabeba. Na dereva Valentino Rossi ni yuleyule, 2001 bingwa na Honda NSR500 ya tustroki, mwaka unaofuata bingwa tena na RC211V ya fostroki. Mi nasema wangezipa cc sawa tungeona, na bamdogo naye anasema hivyohivyo.

Hiyo AG100 nimemwambia asiiuze, nitainunua mwenyewe.