Wengine kina nani?

Tanga, Jumapili, 14 Aprili 2024

Nimekuja nyumbani kula Idi, na kilichonikaa kooni si mwiba wa samaki. Ni maneno matatu ya Baba.

Wanaonisoma tangu zamani wanaujua ugonjwa wangu. Kila Aprili na kila Oktoba toleo jipya la Ubuntu, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, linapokaribia (namba yenyewe inasema: 24.04, mwaka na mwezi), mimi kungoja siwezi. Wenye akili zao wanasubiri toleo kamili, ambalo safari hii limepangwa tarehe 25. Mimi nataka beta, toleo la majaribio. Ilitoka Alhamisi, Idi pili, nikaivuta kwa bando la usiku, zaidi ya GB 5, nikaitia kwenye flashi, na asubuhi nikaisakinisha kwenye ile laptopu ya mtumba. Ya kazini siigusi tena. Kisha nikaanza kuzurura humo ndani kama mgeni aliyeachiwa funguo za nyumba. Jina lake la utani ni Noble Numbat. Numbat ni kijinyama cha Australia kinachoishi kwa kula mchwa.

Ijumaa baada ya swala nilikuwa nayo barazani, Baba kando yangu na kahawa na kashata zake. Zuhura akabisha hodi na sinia la maandazi. Nikafunga kifuniko, nikaenda kumpokea. Kurudi nafungua, waifai hakuna. Si kwamba imekataa kuunganisha, alama yenyewe imepotea, kana kwamba mashine haijapata kuwa na waifai tangu izaliwe. Nikazima, nikawasha, ikarudi. Nikasonya.

"Kuna nini, mama?"

"Hamna, Baba. Huu mfumo ni wa majaribio. Wanautoa kabla haujakamilika, watu waujaribu, makosa yaonekane."

"Na wewe umeliona kosa."

"Nimeliona."

"Umewaandikia?"

"Aah, Baba. Wengine watawaandikia."

Akapiga funda la kahawa. "Wengine kina nani?"

Hakuwa mkali, na hapo ndipo panaponiuma. Aliuliza kama mtu anayetaka majina ili ayaandike. Zuhura akaleta maandazi, mazungumzo yakahamia kwingine, lakini mimi nilibaki palepale. Naoga, namjibu. Nakuna nazi, namjibu. Baba, duniani watu ni wengi. Kina nani? Wapo wataalamu wanaolipwa. Kina nani? Mimi naonja tu, Baba. Hilo lilikuwa jibu la kweli kuliko yote, na ndilo nisingethubutu kulitamka mbele yake.

Maana Baba ni yule yule fundi simu wa tangu enzi za Posta na Simu. Madaftari yake ya hitilafu yangali chini ya kitanda: tarehe, saa, nguzo, mvua au jua. Hata hitilafu iliyojiponya yenyewe aliiandika. Hiyo, anasema, haijapona, imekwenda kuita wenzake.

Na mimi sina pa kujificha. Beta hii ilikuwa itoke tarehe 4, ikachelewa wiki nzima, nami nilinung'unika hadi niliposoma sababu. Tarehe 29 Machi Andres Freund, mtaalamu wa PostgreSQL (programu ya kuhifadhi data) anayefanya kazi Microsoft, alitangaza alichokigundua: kuingia kwenye mashine yake kwa ssh, ile njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia nusu sekunde hiyo hadi ikamfikisha kwenye xz, programu ya kubana mafaili. Kumbe mtu anayejiita Jia Tan, aliyejipendekeza kwenye mradi ule kwa zaidi ya miaka 2 hadi akaaminiwa, alikuwa ametega mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Watu wa Ubuntu wakaamua kuzijenga upya programu zote zilizojengwa tangu xz ile ilipotoka, ndipo wakatoa beta. Kisa hiki niliwasimulia ofisi nzima kwa mikono na miguu. Nusu sekunde, jamani! Nusu sekunde! Halafu mimi napotewa na waifai nzima, nasonya, natia andazi mdomoni.

Jana usiku nilishindwa kulala, nikaiwasha. Nafunga, nafungua: waifai ipo. Tena: ipo. Mara ya tano ipo, nikaanza kuhisi nimemsingizia mtu. Nikajaribu kuikumbuka Ijumaa hatua kwa hatua, sinia, kanga ya Zuhura, salamu, na Zuhura huyo, kama kawaida yake, akichomoa chaja yangu ili achaji simu yake.

Chaja!

Nikaichomeka, nikafunga kifuniko, nikahesabu hadi ishirini, nikaichomoa ingali imelala, nikafungua. Hamna waifai. Nikarudia mara nne, mara zote nne hamna. Saa nane usiku nacheka peke yangu kwa furaha ya kitu kibovu, hadi Mama akaniita kutoka chumbani: "We mtoto, unacheka na nani?"

Kuripoti kwenyewe ni amri moja tu, ubuntu-bug na jina la programu. Yenyewe inakusanya habari za mashine na kukufungulia ukurasa wa Launchpad, tovuti wanakopokelea ripoti za makosa. Kazi ni kuandika. Nimezoea kulalamika, na malalamiko hayana hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nilifuta mara sita. Mwishowe nikabaki na mistari tisa, na wa mwisho unasema huenda ni kadi yangu ya waifai tu, kwa kuwa laptopu ni kuukuu.

Asubuhi nafungua ukurasa, kuna mtu ameweka alama kwamba na yeye limemkuta. Ana kadi kama yangu. Jina lake ni herufi tatu na namba, wala sijui yuko nchi gani. Nikabeba laptopu mbio hadi barazani.

Baba akavaa miwani, akatazama muda mrefu. Kiingereza chake cha mafundi, anasoma akisogeza kidole.

"Umeandika saa?"

"Inajiandika yenyewe, Baba."

"Inajiandika," akarudia. Akavua miwani. Hakuongeza neno.

Mvua imeanza tena sasa hivi. Tangu Jumatano naona mwembe wa uani umeinamia bati la jirani. Baba anasema ulikuwa hivyo siku zote. Haukuwa hivyo. Nimeupiga picha nikiwa mlango wa jikoni, na kesho alfajiri nitasimama palepale niupige tena. Basi langu la Dar ni saa nne.