Wembe Mbele ya Mwanga

Juzi mwanangu aliwasha mshumaa kwenye jua la dirishani, akaja mbio kuniuliza ni nini kile kinachochezacheza ukutani juu ya kivuli cha mshumaa. Hewa ya moto, nikamwambia. Angeridhika kama ningeishia hapo, lakini mnanijua.

Nikamsimulia siku moja kazini tulipobishana kuhusu namna ya kuiangalia hewa inavyoipita kabari ya chuma kwenye handaki la upepo, kwa Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti. Wengine walitaka shadografu, yaani hicho hicho alichokiona mwanangu: taa kali na skrini, basi. Ni rahisi, ila huonyesha hasa pale hewa inapobadilika ghafla. Mabadiliko ya taratibu humezwa. Mwenzetu mmoja aliapa kwa intaferomita yake, inayopima msongamano wenyewe wa hewa, mradi asitokee mtu wa kubamiza mlango, maana mistari yote ya mwanga na giza kwenye picha yake hutetemeka. Fundi wetu mzee alikuwa mtu wa shilireni, mbinu ya August Toepler wa karne ya 19, ambapo ukingo wa wembe hukata sehemu ya mwanga ili hata mabadiliko ya taratibu ya hewa yaonekane. Ndiyo iliyowapa Ernst Mach na Peter Salcher picha za risasi ikiipita sauti, walizozitangaza 1887.

Mwanga ulitoka kioo cha kwanza, ukavuka dirisha la handaki, ukarudishwa na kioo cha pili hadi ukawa nukta. Hapo fundi akauleta wembe, akizungusha skrubu kwa vidole viwili. Giza likaanza kuingia kwa juu. "Bado," akanong'ona. Wembe usipokaa kwenye nukta yenyewe, giza huingilia upande mmoja. Akausogeza unywele mmoja, akazungusha tena. Safari hii skrini nzima ikafifia kwa pamoja, kijivu tupu. "Fungua!"

Handaki likanguruma. Kwenye ncha ya kabari yakachomoza mawimbi ya mshtuko, pale hewa inapobanwa ghafla, la juu jeupe, la chini jeusi, kwa kuwa wembe ulikuwa umelazwa. Na pale kwenye bega la kabari, ambapo shadografu ilikuwa haituonyeshi kitu cha maana, hewa ilikuwa ikitanuka: upande wa juu weusi laini ulifunguka kama upepeo. Sekunde chache tu, kisha tangi likaisha hewa.

Mwenye intaferomita alisema picha nzuri si kipimo. Kweli, shilireni ya kawaida haitoi namba kirahisi. Siku hizi kompyuta hulinganisha picha za ubao wenye madoadoa, kabla ya upepo na wakati wa upepo, na namba hutoka bila vile vioo vikubwa. Naitumia, tena naisifu. Ila haina skrubu ya kuzungusha, na sijui kama hiyo ni hoja ya kisayansi au ni uzee tu.