Kisima cha pwani kikianza chumvi, usikimbilie kuchimba zaidi

Nimetoka kwenye mhadhara wa wazi wa maji chuoni, hapa Mtwara. Wenye visima upande wa Mikindani, shikeni hesabu hii: maji matamu ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari humo humo ardhini. Kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takribani mita 40 nyingine za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa weka pampu kubwa, maji matamu yashuke nusu mita tu: chumvi taratibu inaweza kupanda hadi mita 20. Ukichimba zaidi unaifuata chumvi kwake. Vuta kidogo kidogo, pampu ipumzike.

Sampuli ya kupima chumvi: acha kwanza maji yaliyolala bombani yatoke, suuza chupa mara 3 kwa maji hayo hayo, jaza hadi mdomoni. Ya vijidudu ni kinyume. Chupa ya maabara iliyotakaswa haisuuzwi, kifuniko hakigusiki kwa ndani, juu unabakiza nafasi ya kutikisa, halafu kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 6. Chupa ya soda iliyooshwa nyumbani? Hapana jamani.