Usiku wa Johnston City

Bado ninayakumbuka mashindano ya pulu, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo ili itumbukie mashimoni, ya Johnston City, mji mdogo katika jimbo la Illinois nchini Marekani, ambayo ndugu wawili, George na Paulie Jansco, waliyaanzisha mwaka 1961. Mechi rasmi zilivutia, na bingwa Luther Lassiter alicheza kwa utulivu ambao sijauona tena, lakini fedha nyingi zilishindaniwa usiku, baada ya mechi hizo kumalizika. Uliopendwa zaidi na wacheza kamari ulikuwa mchezo wa shimo moja, ambamo kila mchezaji hutumia shimo lake pekee na hushinda akitumbukiza mipira minane, kwa kuwa uliwawezesha watu wenye viwango tofauti kupatana: hodari angekubali kufikisha mipira tisa, huku mpinzani wake akihitaji saba tu. Majadiliano hayo, kwa maoni yangu, yalikuwa nusu ya ustadi wenyewe, maana aliyekubali masharti mabaya alikuwa ameshashindwa kabla ya kushika fimbo. Mwaka 1972 maafisa wa serikali ya shirikisho waliuvamia ukumbi na kuwakamata wachezaji kadhaa kwa tuhuma za kamari, na mashindano yakaishia hapo. Nilihuzunika sana, kwani sikupata tena mahali pa kuwaona mabingwa wengi namna ile wakichezeana dau usiku kucha, kila mmoja kwa fedha zake au za mfadhili wake.