Dakika 38 za Kisorya

Nianze na hizo dakika kwa sababu ndizo zinaniuma mpaka leo. Kwa haki ilikuwa saa moja na dakika 38, muda ambao mimi na shemeji tulikaa gatini Kisorya tukisubiri kivuko katikati ya mashindano ya baiskeli, halafu usiku tunakuta muda wote huo umejumlishwa kwetu kama vile tulikuwa tunapiga pedali. Baadaye waandaaji walitupunguzia saa moja, 38 zikabaki. Naandika ili mtu wa huku Mwanza akisikia kuna mashindano ya baiskeli ya siku kadhaa aingie, nasema kabisa aingie, ila aulize kwanza swali moja kabla hajatuma hela.

Yalikuwa ya siku tatu, mnashindana wawili wawili. Huo mtindo waandaaji walisema wameutoa kwenye Cape Epic, yale ya Afrika Kusini yaliyoanza 2004, siku 8 kule milimani kwao, ambako wenzi wakiachana zaidi ya dakika 2 wanapigwa adhabu ya muda. Kwetu milima hakuna sana, jirani yangu aliniuliza baiskeli ya milimani unaipeleka wapi na ziwa lilivyotandaa hivi, nikamwambia nenda kaendeshe Magu mwezi wa nane ndio utajua kwa nini mtu anataka tairi nene. Kiingilio 120,000 kwa kichwa, chakula cha jioni humo, kulala juu yako. Kwa 120,000 nilitegemea hata supu asubuhi. Tulipewa chai ya rangi na maandazi mawili, siku zote tatu, na mtu ana kilomita 80 mbele yake.

Sisi sio wachezaji. Mimi kazi yangu ni kuhesabu mzigo stoo, shemeji, kaka wa mke wangu, anauza vifaa vya umeme Buzuruga, tunaendesha jumapili na jioni mara mbili kwa wiki. Baiskeli yangu ni ya mtumba, breki za diski, tairi inchi 29, niliinunua kwa kulipa kidogo kidogo miezi mitano, na naipenda kuliko ninavyoweza kueleza nyumbani.

Siku ya kwanza, Kisesa mpaka Magu kwa njia za ndani. Vumbi, mbigili, viraka vinne. Imeisha.

Jioni wakatupakia kwenye Costa mpaka Bunda, baiskeli kwenye fuso zimelazwa moja juu ya nyingine bila hata boksi katikati, nikalala na wasiwasi mwenyewe nikiwaza zile gia. Usiku huo ndio nilielewa mashindano ya siku nyingi ni kitu gani. Mbio za siku moja unamaliza unaanguka, mke anakuletea maji, basi. Hizi unamaliza halafu kazi ndio inaanza, unafuta cheni na kitambaa, unatia oili, unajilazimisha kula ugali tumbo halitaki, unafua ile kaptula kwa sababu ikikauka na chumvi ya jasho kesho itakuchuna, saa nne uwe umelala. Shemeji hakufua. Siku ya tatu alikuwa anaendesha amesimama, hawezi kukaa.

Sasa siku ya pili. Bunda kwenda Kisorya, pale unavuka na kivuko mpaka Rugezi upande wa Ukerewe, unamalizia Nansio. Usiku kwenye maelekezo tuliambiwa, na wote tulisikia, kwamba saa itasimama ukifika gatini na itaanza tena ukishuka Rugezi. Hiyo ni haki, maana kivuko hakimsubiri mtu na hakiendi kasi kwa sababu wewe una haraka.

Tulikuwa tunakwenda vizuri mno. Tumeshaipita Kibara, ziwa linaonekana mkono wa kushoto kwa mbali, kaubaridi bado kapo, nadhani tulikuwa wa saba au wa nane kati ya timu 26. Kuna sehemu watu walikuwa wamefyeka uzio, matawi yako njiani, mimi nikayapita juu yake bila kupunguza. Tawi moja likainuka na tairi la nyuma likaingia kwenye ile mashine inayohamisha cheni, sikusikia hata mlio mkubwa, nilisikia kama mtu amevunja muwa, pedali zikagoma, nikateremka nikakuta gia yote ya nyuma imegeukia juu imelalia spoki. Kile kipande kidogo cha alumini kinachoishikilia kwenye fremu kilikuwa kimekatika katikati.

Wanaojua baiskeli wanajua hapo hakuna cha kuchomelea. Kile kipande kinatengenezwa laini makusudi, kivunjike chenyewe fremu ipone, na kila fremu ina cha kwake, ukienda dukani unaambiwa hiki hakiingii kwako. Spea sikuwa nayo. Saa ilikuwa 4:25. Shemeji akasema, "Shem, tukokote." Tukakokota. Timu zinatupita, nyingine zinatupa pole, nyingine hazigeuki.

Kilomita kama mbili mbele kuna senta ndogo, maduka matatu na mwembe, na chini ya mwembe kuna fundi, mzee mmoja ana gogo la kukalia, beseni la maji la kupimia tyubu na bati limejaa nati. Tukamwamkia. Akaipokea baiskeli kabla hata sijamaliza kueleza, akaipindua, akaiangalia muda mrefu sana, akasema, "Hiki kidude mnakihitaji?" Nikamwambia mzee ndio kinabadilisha gia. Akasema hapana, nauliza mnakihitaji kufika.

Akakifungua. Akakata cheni kwa nyundo na msumari uliochongwa, pini moja, taratibu, kishindo kidogo kidogo, asiitoe pini yote maana ikitoka kuirudisha ni kazi. Halafu ndio nikaona shida ambayo sikuwahi kuiwaza maisha yangu yote. Phoenix, zile baiskeli za kawaida za gia moja, ina nafasi ndefu pale ekseli inapokaa, cheni ikilegea unalegeza nati unavuta gurudumu nyuma, basi imekaza. Yangu ekseli inaingia kutoka chini kwenda juu, haiendi mbele wala nyuma. Mzee akaisukuma akaivuta akasema, "Hii hawakuiwekea pa kuvutia." Maana yake cheni lazima ienee yenyewe kamili, ikilegea inaruka, ikikaza haizunguki, na cheni huwezi kukata nusu pingili.

Kwa hiyo akaanza kutafuta. Akaweka kwenye jino dogo, ikalegea. Akapandisha moja, ikalegea kidogo. Akapandisha tena, nikahesabu meno 18, ikakaza mpaka akaizungusha kwa mkono ikawa nzito, akakunja uso, akaizungusha tena mara kumi hivi, ishirini, akipaka oili chafu na unyoya wa kuku, mpaka ikaanza kwenda. Pingili zilizobaki akanipa mkononi, "Weka, usitupe." Nilikuwa natetemeka kwa haraka, shemeji anaangalia saa, mzee hakuharakisha hata kidogo na hakuchelewesha hata kidogo. Wakati anagonga pini ya mwisho akatuambia ujana wake alishindana Shinyanga, baiskeli za kawaida hizo hizo, zimetolewa kariya tu kupunguza uzito, na zawadi ilikuwa ng'ombe. Nikamuuliza alipata? Akasema alipata ndama.

Nikauliza bei. "Elfu moja na mia tano." Mimi niliyelalamikia chai ya rangi tangu asubuhi nilikuwa nimejiandaa kwa elfu ishirini na nisingebisha. Nikampa elfu kumi, hakutaka chenji imshinde, akaingia dukani kuitafuta, sisi tukaondoka na hela yake imebaki, ndio namna pekee niliyopata ya kumwachia. Kile kidude kilichovunjika nilimwachia pia, aliomba vile vigurudumu viwili vidogo vya ndani.

Kilomita 14 kwa gia moja kwenye kichanga. Kwenye tambarare unazungusha miguu kama cherehani hufiki popote, kwenye mlima hata mdogo unasimama juu ya pedali mpaka magoti yanalia. Na hapo ndio nilimkumbuka baba. Mzee wangu kule Misungwi alikuwa na Phoenix moja, gia moja, ilibeba pamba kwenda mizani, ilimbeba mama kliniki akiwa na mimba ya mdogo wangu, ilinibeba mimi nimekaa kwenye bomba la mbele na kipande cha gunia nisiumie. Hakuna aliyemhesabia dakika. Sasa hivi huku mjini mtu akikuona juu ya baiskeli anajua umeshindwa maisha, pale Igoma madereva wanakusukumia mtaroni hawapigi hata honi, wale waliokuwa wanabeba abiria kwa baiskeli Magu na Shinyanga wamehamia bodaboda karibu wote, na mimi nalipa 120,000 kufanya kitu ambacho baba alikifanya miaka 30 akiwa na magunia nyuma. Niliwaza hivyo njia nzima, nikawa nalia kidogo, sijui ni vumbi au nini, shemeji hakuuliza.

Tumefika Kisorya saa 6:22 mchana. Kivuko kilikuwa kimeachana na gati kama mita 50. Tunawaona wenzetu kabisa wamesimama na baiskeli, mmoja anapunga mkono. Shemeji akapiga picha akamtumia dada yake, yaani mke wangu, na maneno "mumeo amefika, chombo hakikumuona."

Hatukuwa na hasira, tulijua saa imesimama. Tukanunua samaki wa kukaanga, bei ya mgeni, sato mmoja 7,000 pale pale anapovuliwa, soda ya moto. Timu nyingine zikawa zinafika moja moja, mpaka tukawa timu tisa. Wa mwisho walikuwa dada wawili, walimu wa Bunda, walifika saa 7:35 wamekauka midomo tukawagawia samaki. Kitu kimoja nilikiona na sikukipa uzito: hapakuwa na mtu wa waandaaji gatini. Mwenye karatasi ya muda alikuwa ameshapanda kivuko cha kwanza na wale wa mbele, na hakuacha mtu. Kivuko kilichofuata kiling'oa saa 8 kamili.

Nansio usiku matokeo yamebandikwa ukutani. Sisi wa 16. Nikapiga hesabu kwenye simu mara tatu. Nikaenda kwa kiongozi wao, nikamwamkia vizuri, nikamweleza. Akasema kivuko ni sehemu ya changamoto za njia. Nikamwambia kaka, jana usiku mlisema saa inasimama. Akasema isingewezekana kuandika muda wa watu ambao hakuna aliyewaona wakifika. Shemeji akatoa simu, ile picha, kivuko kinaondoka, na ujumbe una saa yake juu, 6:22. Jamaa akaiangalia akasema atawasiliana na wenzake. Na gesti usiku huo tulilipa 40,000 chumba ambacho mhudumu mwenyewe alikiri juzi kilikuwa 25,000, neti ina matundu, mbu wa Ukerewe hawajui kama umechoka.

Asubuhi kwenye maandazi wakatangaza, timu zote tisa tunapunguziwa saa moja. Moja, wote sawa. Sisi tuliokaa saa moja na dakika 38 tukabaki na 38 za bure shingoni, wale walimu waliokaa dakika 25 wakapewa 35 ambazo hawakuzikaa. Nataka niseme wazi kuhusu hao dada: walisimama wenyewe mbele ya watu wote wakasema hii sio sawa, sisi hatukusubiri saa nzima, tuandikieni zetu 25 na hawa waandikieni zao. Wakajibiwa karatasi imeshachapwa. Mmoja akanifuata akaniambia, "Kaka samahani," kama vile yeye ndiye aliyekosea.

Siku ya tatu ilikuwa kuzunguka kisiwa na ndio siku nzuri kuliko zote, na sina mengi ya kusema. Michungwa, mihogo imeanikwa juu ya mawe, watoto wanakimbia na wewe mpaka pumzi ziwaishie, kila ukipanda kilima ziwa linakuwa upande mwingine. Na gia yangu moja. Kwenye vilima nilikuwa nashuka nakimbia nayo begani, nikifika juu shemeji ananisubiri, amesimama kwa sababu hawezi kukaa, hakuniacha hata mara moja zaidi ya hizo dakika 2 zao. Tulimaliza wa 14. Walimu walitupita kwa dakika 29, mwenye kutaka apige hesabu.

Meli ya kurudi Mwanza ni kama saa tatu na zaidi, nililala sakafuni juu ya begi nikaamka tunaingia, lile jiwe la Bismarck liko pale pale na ndege wake. Mke wangu alikuwa bandarini. Kitu cha kwanza aliuliza, chombo kimekuona leo?

Kile kipande cha alumini nimeshakitafuta mjini kote, hakuna, nimeagiza, naambiwa wiki sita na bei inakaribia kiingilio cha siku mbili. Kwa hiyo bado naendesha na meno 18 ya mzee, stoo na kurudi, cheni haijaruka hata siku moja. Pingili alizonipa ziko kwenye droo ya jikoni pamoja na mishumaa. Swali la kuuliza kabla hujalipa ni hili: nani anabaki gatini na karatasi?